"Plead": namna ya kulitumia neno la Kiingereza la kusihi

Kazi yangu ni ukalimani wa mahakamani, na nikipata nafasi nawasahihishia watu barua zao za Kiingereza. Katika kazi zote mbili kuna neno moja ambalo kila mtu anadhani analijua: "plead". Kamusi itakwambia ni kusihi, kuomba sana. Haikudanganyi. Ila mtu akitoka hapo na maana hiyo peke yake, atamsihi mwenzake bila kile kihusishi kinachotakiwa, ataandika barua ya kikazi kama mtu anayeomba asinyongwe, na siku akisimama kizimbani ataulizwa jambo moja ajibu jingine.

Nitaeleza kama ninavyowaeleza wakalimani wapya wanaokaa nami kujifunza kazi.

Neno la barazani

"Plead" limezaliwa barazani, mbele ya mwamuzi. Asili yake ni neno la Kilatini "placitum", yaani jambo lililopendeza. Lilimpendeza mtawala, akaliamua hivyo. Kutoka kwenye uamuzi maana ikahamia kwenye kikao cha uamuzi, kisha Kifaransa cha zamani kikalitumia kwa shauri lenyewe na kwa kazi ya kutoa hoja ndani ya shauri. Waingereza walilipata kwa Wanormandi waliowatawala. Kwa miaka mingi mashauri ya Uingereza yalisemwa kwa Kifaransa ambacho wananchi wengi hawakukielewa, mpaka mwaka 1362, enzi ya mfalme Edward III, ilipopitishwa sheria kwamba sasa yasemwe kwa Kiingereza. Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Wanasheria hawajaanza leo.

Hata "please", tafadhali ya Kiingereza, inatoka kwenye shina hilo hilo la kupendeza. Ndiyo maana mtu anaye-"plead" husikika akisema "please" kila baada ya pumzi mbili.

Nimeyataja haya kwa sababu yana faida. Ndani ya "plead" karibu kila mara utakuta watu wawili: mmoja ana uwezo wa kuamua, na mwingine amesimama mbele yake anatoa sababu. Mtoto anayelia tu apewe kitu, huyo kwangu ana-"beg". Akianza kusema "lakini uliniahidi, na jana nilitulia siku nzima", hapo ameingia kwenye "plead". Waingereza wenyewe huyachanganya maneno haya mawili, wala hawagombani, lakini ukiushika mpaka huo utakosea mara chache.

Nani anasihiwa, nani anaombewa

Hapa ndipo kalamu yangu nyekundu inapoisha wino, basi tukae kidogo.

Sisi kwa Kiswahili tunapachika kila kitu ndani ya kitenzi. "Alimsihi": anayesihiwa yumo kwenye "m". "Alimwombea": ile "e" inakuonyesha kwamba ombi ni kwa ajili ya mtu mwingine. Kiingereza hakina viambishi hivyo, kazi hiyo inafanywa na vijineno vinavyokaa nje ya kitenzi. Mswahili akifikiri "nilimsihi abaki", mkono unaandika wenyewe: "I pleaded him to stay". Kosa. Mwingereza husema "I pleaded with him to stay". Hiyo "with" haimaanishi kwamba mliomba pamoja. Inamwonyesha anayesihiwa, basi.

Kinachoombwa hushikwa na "for". "She pleaded for more time", aliomba sana aongezewe muda. "They pleaded for mercy", waliomba wahurumiwe. "He pleaded for his life", aliomba asiuawe.

Shida ni kwamba "for" hiyo hiyo humshika pia anayeombewa. "The mother pleaded for her son": mama alimwombea mwanawe. Kwa mazoea ndivyo itakavyoeleweka, lakini ukiitoa sentensi hiyo peke yake, msomaji anaweza kudhani mama alikuwa akiomba apewe mwanawe, kama vile ametekwa. Ukiona utata kama huo, usimwachie msomaji. Andika "on behalf of her son" kama anamsemea, au "for her son's release" kama anataka aachiliwe. Ukitaka wote waingie: "The mother pleaded with the judge for her son." Hakimu amebebwa na "with", mtoto na "for".

Kuna pia "to" inayofuatwa na kitenzi. "He pleaded with the guard to open the gate": wa kufungua geti ni mlinzi. Ukimwondoa mlinzi ukaandika "He pleaded to open the gate", sasa anayetaka kufungua geti ni yule yule anayesihi. Anayetaka afunguliwe ataandika "He pleaded to be let in". Nimeshaona maelezo ya shahidi ambamo, kwa ajili ya "with" iliyosahauliwa, mwizi na mlinzi walibadilishana kazi.

Kinachowachanganya watu ni kwamba ndugu wa "plead" hawana adabu hiyo. "Beg", "implore", "entreat" na "beseech" humchukua mtu moja kwa moja: "I begged him", "I implored her to listen". Kwa hiyo usipokumbuka "with", kimbilia "beg". Sentensi itapungua heshima kidogo, lakini haitavunjika.

Ukishamaliza kuandika, irudie sentensi yako na umtafute kila mtu aliyemo. Anayesihiwa yuko baada ya "with"? Kitu kinachotakiwa au mtu anayeombewa yuko baada ya "for"? Wa kutenda ni yule unayemtaka? Kama hujaona kosa, hujalitenda.

"How do you plead?"

Mahakamani neno hili linabadilika kabisa, na yule aliyezoea maana ya kusihi ndiye anayeumia zaidi.

Nilikuwa nimekaa nyuma ya mkalimani mwanafunzi. Karani alisoma shtaka la wizi wa simu, kijana akalitafsiri vizuri sana. Kisha karani akauliza: "How do you plead?" Kijana akamgeukia mshtakiwa, baba mmoja mwenye mvi, akamwambia: "Unaombaje?" Yule baba akaunganisha viganja. "Mheshimiwa, naomba unihurumie, mimi nina familia." Kijana alikwisha fungua mdomo atafsiri kwamba mshtakiwa anaomba huruma, na nani asingedhani kwamba anayeomba huruma amekubali? Nikasimama, nikaomba ruhusa ya hakimu swali liulizwe upya. Nikamwambia: "Baba, umesomewa shtaka kwamba uliiba simu. Jibu: ni kweli au si kweli?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Si kweli! Simu niliuziwa, na aliyeniuzia namjua."

Swali la karani halikuwa na ombi lolote ndani yake. "To plead" hapo ni kutoa jibu lako rasmi kwa shtaka. Atakayesema ndiyo ana-"plead guilty", anakiri kosa. Atakayesema hapana ana-"plead not guilty", anakana shtaka. Magazeti mengine huandika "plead innocent", lakini kwa kawaida mahakama hukuuliza kama una hatia au huna, usafi wako wa moyo ni habari nyingine.

Sarufi yake ni fupi. Shtaka linafuata "to": "She pleaded guilty to theft." Kama shtaka unalieleza kwa kitenzi, malizia kwa "-ing": "He pleaded guilty to stealing a phone." Ukiandika "pleaded guilty to steal", umeandika kitu ambacho hakipo. "Pleaded guilty for theft" nayo haipo, ingawa naiona kila wiki.

Na mshtakiwa akijibu "ni kweli, lakini yeye ndiye aliyeanza", mkalimani usiikate ile "lakini" ukaripoti "guilty". Peleka maneno yote kama yalivyo. Jibu lenye "lakini" huenda likawa ni utetezi kamili, kama la mtu anayesema alipiga kwa kujihami, na hakimu ndiye wa kuamua liandikwe vipi.

Na asiyejibu je? Leo mahakama humwandikia kwamba amekana, na Uingereza imekuwa hivyo tangu 1827. Zamani mambo yalikuwa mabaya. Bila jibu la mshtakiwa kesi haikuweza kuendelea, kwa hiyo aliyenyamaza alilazwa chini akawekewa vitu vizito kifuani, akiongezewa mpaka ajibu au afe. Wapo waliochagua kufa, kwa sababu aliyekufa bila kuhukumiwa mali yake haikutaifishwa, warithi wake waliipata. Uingereza iliiacha adhabu hiyo mwaka 1772. Kule Salem, katika Marekani ya leo, kwenye kesi za uchawi za 1692, mzee Giles Corey alikufa hivyo hivyo chini ya mawe, baada ya kukataa kujibu kwa namna iliyotakiwa na mahakama. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki ili swali la karani wasilipitie haraka haraka.

Jambo jingine la kushika: "plead guilty" na "confess" si kitu kimoja, ingawa kwa Kiswahili zote tunaziita kukiri. Anaye-"confess" anaeleza alichofanya. Anaye-"plead guilty" anatoa jibu la kisheria, basi. Marekani kuna mfano unaoweka tofauti hiyo wazi. Henry Alford alishtakiwa kwa mauaji, akasema hakuua, lakini akakubali hatia ya kosa dogo zaidi ili akwepe hukumu ya kifo. Mwaka 1970 Mahakama Kuu ya nchi hiyo ikasema jibu la namna hiyo linakubalika. Sasa mtafsirie mtu wa hivyo kwamba "amekiri kuua" uone umempaka tope gani. Hapo nasema "amekubali kutiwa hatiani", na kama mahakama inaruhusu naongeza kwamba anasisitiza hakutenda.

Nomino ya haya yote ni "plea", na husomwa "plii". "Enter a plea" ni kutoa jibu la shtaka. "Plea bargain" ni makubaliano ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, akiri kitu fulani apunguziwe kingine. Nje ya mahakama "a plea for help" ni kilio cha kuomba msaada. Ila jihadhari na "pleadings", yenye "s". Katika kesi ya madai hizo ni hati tu, zile ambazo mdai anaeleza dai lake na mdaiwa anajibu. Nimekutana na tafsiri iliyosema mahakama "ilizisoma dua za pande zote". Dua!

Kuomba kwa udhuru

Matumizi haya yanapendwa na waandishi wa riwaya, na Waswahili wengi hatuyatumii kabisa. "Plead" inafuatwa na nomino moja kwa moja, bila "with", bila "for", na nomino hiyo ni sababu unayojikingia. "He pleaded ignorance": alijitetea kwamba hakujua. "She pleaded a headache and left": alitoa udhuru wa kuumwa kichwa akaondoka. "To plead poverty" ni kujitetea kwamba huna kitu. Unaweza pia kuiweka kwa "that": "He pleaded that he had never seen the letter."

Usikimbilie kutafsiri hizi kwa "kusingizia". Kusingizia kumeshasema ni uongo, na "plead" haijasema. Hata hivyo ina harufu. Mwandishi anayeandika "she pleaded a headache" huwa anakukonyeza kidogo, hana hakika kama kichwa kilikuwa kinauma kweli. Kwa hiyo kama unamwamini mtu, mwandikie "she said she had a headache".

Zamani Uingereza mwanamke aliyehukumiwa kunyongwa aliweza kutoa udhuru kwamba ana mimba, na jambo hilo liliitwa "pleading the belly", kujitetea kwa tumbo. Kwanza lilimwahirishia kifo, na mwaka 1931 sheria ikaweka kifungo cha maisha mahali pa kunyongwa kwa mjamzito. Na Wamarekani wana "plead the Fifth", kukataa kujibu swali ili usijitie hatiani, haki inayotokana na marekebisho ya tano ya katiba yao, ya mwaka 1791. Siku hizi wanaitumia hata mezani kwa utani, mtu akiulizwa nani kamaliza chai. Wewe itumie kwa utani tu, tena ukiwa na watu wanaoijua.

Kumsemea mtu mbele ya wakubwa ni "plead someone's case" au "plead someone's cause". "She pleaded my case to the manager": alinitetea kwa meneja. Hii ni salama kazini, haina machozi.

Barua

Nimeletewa barua hii na mwanafunzi wa chuo, naiweka kama ilivyokuwa: "Dear Sir, I plead you to kindly give me more time to submit my report. I plead sickness. I am pleading for your positive response."

Sentensi ya kwanza imekosa "with", lakini hata ungeiwekea isingepona. Ripoti imechelewa, hakuna anayekufa. Ukimwandikia mwalimu "I plead with you" kwa ajili ya siku saba, atajiuliza kuna nini zaidi ambacho hujamwambia. Shida inatoka kwenye "naomba" yetu. Sisi tunaomba kalamu, tunaomba kupita, tunaomba kuuliza. Ni adabu tu, haina uzito. Kiingereza chake ni "could I", "may I", au "I would like to ask". Hakikaribii "plead" hata kwa mbali.

Sentensi ya pili ni mbaya kuliko anavyojua. Kwa "I plead sickness" amejikonyeza mwenyewe. Ameandika kama anayetoa udhuru ambao hata yeye hauamini. Na ya tatu inaomba jibu zuri badala ya kuomba muda.

Tuliiandika upya hivi: "I am writing to ask for one more week to submit my report. I was in hospital from Monday to Friday, and the doctor's letter is attached. Thank you for considering this." Neno lenyewe limetoka lote, na ombi limepata nguvu, kwa sababu sasa kuna sababu na kuna ushahidi.

Lini basi uliandike katika barua? Pale ambapo kitu kikubwa kinapotea na mwenye kuamua ni yule unayemwandikia. Familia iliyo karibu kufukuzwa nyumbani kwake inaweza kuandika "We plead with you to stop the eviction", na hakuna atakayeona wamezidisha. Mara moja tu, tena baada ya kueleza hali ilivyo. Ukilirudia kila aya, msomaji analizoea.

Katika mazungumzo ya ana kwa ana, ile "chondechonde" yetu haiwi "I plead you", na hata "I plead with you" ni ya mhubiri au mtu wa jukwaani. Mtu aliyebanwa kweli husema "Please, I'm begging you". "Plead" inabaki kwa msimulizi: "'Please,' he pleaded." Macho ya kuomba ni "pleading eyes".

Na usijaribu kupandisha ngazi kwa "beseech" ukidhani ndiyo heshima zaidi. Hiyo ni ya kanisani na ya zamani; katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 ndiyo inayokaa mahali ambapo ya Kiswahili inasema "nawasihi". Oliver Cromwell, jemadari wa jeshi la Uingereza, aliitumia mwaka 1650 alipowaandikia viongozi wa kanisa la Scotland: "I beseech you, in the bowels of Christ, think it possible you may be mistaken." "Bowels" ni matumbo, na matumbo hayo ni huruma, kama sisi tunavyoweka huruma moyoni. Alikuwa anawasihi wakubali kwamba huenda wamekosea. Hawakukubali, na mwezi uliofuata jeshi lake likalishinda jeshi la Scotland kule Dunbar. Ukiiandika leo kwenye barua ya kazi watadhani unatania.

Limebaki la wakati uliopita. "Pleaded" inakubalika kila mahali, nami ndiyo ninayoandika kwenye kumbukumbu zote. "Pled" ni ya Scotland na Marekani, si kosa, lakini chagua moja na usizichanganye ndani ya hati moja. Wapo wanaoandika "plead" kwa wakati uliopita na kuisoma "pled", kama ilivyo kwa "read". Iepuke. Karani akisoma "They plead guilty" hatajua kama walishajibu jana au wanajibu sasa hivi.